Nyota Nene na Mwenzake

Nyumbani kwetu hatusemi kwamba pacha amekufa. Tunasema amekwenda kutafuta kuni. Dada zangu mapacha walizaliwa miaka miwili kabla yangu, na mmoja wao alikwenda kutafuta kuni akiwa na miaka sita, kwa sababu ya surua. Mimi nilikuwa na minne. Niliambiwa hivyo, nikaamini hivyo, na jioni nzima nilikaa mlangoni nikimngoja na mzigo wake, maana nilikuwa na njaa na nilidhani chakula kimechelewa kwa ajili yake. Sasa nina miaka arobaini na saba. Kwa muda aliotumia, msitu wote kutoka hapa mpaka Bafwasende ungekuwa uwanja wa mpira.

Hapa Kisangani mapacha tunawaita mapasa, na mwanamke aliyewazaa anaitwa Mama Mapasa mpaka siku anaingia kaburini, hata akizaa wengine kumi baadaye. Mimi ni mmoja wa hao wengine. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mama kwa jina langu.

Sheria ya mapasa ni fupi: vitu viwili, vinavyofanana, kwa wakati mmoja. Mgeni akileta ndizi, alete mbili. Ukimnunulia mmoja kandambili nyekundu, na mwenzake apate nyekundu. Ukikosea, yule uliyemsahau hukasirika, na hasira yake humshukia yule uliyempa: vipele, homa, miguu kukataa kutembea. Mmoja akienda kutafuta kuni, sheria haibadiliki. Anaendelea kupewa chake kama kawaida. Kutokuwepo si kisingizio.

Kwa hiyo yaya, dada yangu aliyebaki, alikuwa na sahani mbili. Ya kwanza alikula kwa ajili yake, ya pili alikula kwa niaba ya mwenzake. Kutupa chakula ni dhambi, na mimi sikuruhusiwa kuigusa ile ya pili, hata siku ambazo yangu ilikuwa na mchuzi tu wa kujiangalia uso. Hesabu mwenyewe: miaka arobaini ya lituma mara mbili, zile ndizi za kupondwa tunazozipenda kuliko akili zetu, na sombe, yale majani ya muhogo, mara mbili, na samaki mara mbili. Yaya akawa mtu mkubwa. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwamba akiingia soko kuu kwenda kwenye meza yake ya makayabu, samaki wa chumvi anaowauza, watu wanaotoka upande wa pili hungoja kwanza. Waendesha toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, wakimwona kwa mbali hukumbuka kwamba tairi lina pancha.

Na nguo. Kila Noeli mama alishonesha mbili, kitambaa kimoja, kipimo kimoja. Yaya alivyokua, nguo ya mwenzake ilikua pia. Ya yaya ilivaliwa mpaka ikawa tambara la kufutia meza. Ya mwenzake iliingia sandukuni bila kuguswa na mwili wa mtu. Mwaka hadi mwaka yule wa kuni aliongezeka kiuno bila kula chochote.

Mimi sikuweza kukaa mahali. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma yangu ya serikali, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaondoka. Nimechimba dhahabu upande wa Bafwasende, ambako nilipata matope mengi na malaria ya kutosha. Nimeuza sabuni Yanonge, nimepakia mihogo kwenye maboti ya Isangi, nimeishi Bunia, nimeishi Butembo. Nina ugonjwa mmoja: kila nikifika mahali, naanza kuupenda ule mji niliotoka jana, hata kama uliniuma. Na baada ya mwaka au miwili lazima nirudi Kisangani, nikae wiki tatu, nilalamikie joto, niondoke tena. Nikirudi naleta vitambaa viwili vya kichwa. Mara moja tu, nikitokea Butembo, nilileta kimoja, maana kilikuwa kimebaki kimoja. Mama alikikunja vizuri, akakirudisha kwenye begi langu, na hakusema na mimi siku mbili.

Niliporudi miaka mitatu iliyopita, nilikuta yaya ana mchumba.

Hilo halikuwa jambo dogo. Wawili walikwisha kukimbia kabla yake. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Aliposikia kwamba zawadi zote zitakwenda mbilimbili, na kwamba siku ya ndoa kutakuwa na kiti kando ya bibi harusi, hakuna mtu juu yake, nguo tu, alisema anakwenda kuangalia gari. Bado anaangalia. Wa pili alikuwa mtu wa ofisi, mwenye adabu na kalamu mfukoni. Yeye aliuliza kama kitandani pia atatakiwa kuacha nafasi. Mama alifikiri kidogo kabla ya kujibu, na kule kufikiri ndiko kulikomfukuza.

Huyu wa tatu alikuwa mwalimu wa fizikia, mjane, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye suruali iliyofungwa mkanda kwa tundu alilotoboa mwenyewe kwa msumari. Wote tulimwita Prof. Yaya alikuwa na miaka arobaini na sita. Jioni yangu ya kwanza, akikaanga samaki, aliniambia bila kunitazama, "Huyu akikimbia, mi singojee tena mutu. Nitaolewa na makayabu." Nilicheka. Yeye hakucheka. Aligeuza samaki mmoja, kisha akageuza wa pili.

Prof alikuwa na kitu ambacho wale wawili hawakuwa nacho. Jumapili ya kwanza aliyoalikwa chakula, kabla sijafika, aliuliza sahani ya pili ni ya nani. Yaya akamwambia ni ya mwenzake. Prof hakuuliza mwenzake yuko wapi. Alisogeza kiti chake kidogo upande, kama mtu anayempisha mwingine apite. Mama aliniambia habari hiyo mara nne katika wiki moja, na kila mara kiti kilisogea zaidi.

Jumapili ya kwanza baada ya mimi kufika, Prof alikuja na simu yake. Alikuwa amesoma habari ya nyota moja huko juu, mbali kiasi ambacho hakujaribu hata kutuambia ni wapi, na tangu aisome hakulala vizuri. Alituonyesha picha, akatuonya kwamba si picha bali ni mchoro, maana kitu chenyewe hakijapigwa picha na hakitapigwa. Upande mmoja kulikuwa na nyota kubwa, nyekundu, imevimba kama mandazi. Upande wa pili, giza.

Alieleza polepole, kwa sauti ile ya walimu wetu ambao wamefundisha miaka ishirini bila chaki ya kutosha. Nyota ile ni jitu. Ni kuukuu, na nyota ikizeeka huvimba. Lakini walioitazama kwa muda mrefu waliona haitulii. Inakwenda upande huu, inarudi upande ule, inakwenda, inarudi, kama mtu anayezunguka meza. Mwanga wake unabadilika kidogo sana ikija kwetu, na kidogo sana ikitukimbia. Wakapiga hesabu. Ili nyota kubwa namna ile izunguke namna ile, lazima kuna kitu kinachoizungusha. Wakaangalia mahali hapo. Hakuna kitu. Wakaangalia tena kwa darubini kubwa zaidi. Hakuna kitu.

"Alors?" mama akauliza.

"Alors kiko," Prof akasema. "Hakionekane, lakini kiko. Ni nyota ingine. Ilikufa zamani, ikajikunja yote ndani yake, hata mwanga haitoke tena. Zinaishi mbili. Tunaona moja."

Neno "ilikufa" lilipita uani kama kuku wa jirani, na mama akaliacha lipite kwa kuwa lilihusu nyota.

Kisha Prof akataka kutuonyesha. Hilo ndilo tatizo la walimu wa fizikia, hawawezi kukuacha na maneno. Alimwinua yaya, akamshika mikono miwili, akamwambia wazunguke kama watoto wanavyofanya, na sisi tumwangalie yaya peke yake, tujifanye yeye Prof hatumwoni. Kwa jinsi yaya atakavyoegemea nyuma, tutajua kwamba kuna mtu anamshika. Wakaanza. Yaya alipiga hatua mbili za heshima, akasimama imara, na Prof akaruka. Alizunguka uani miguu ikigusa chini mara mojamoja, na kandambili yake ya kushoto ikapita juu ya ukuta ikaenda kwa majirani. Aliposimama ilibidi ashike nguzo ya baraza.

"C'est le contraire, ni kinyume," alisema akihema. "Nyota ndiyo inatakiwa kuzunguka."

Akatueleza kosa liko wapi. Kile kisichoonekana ni kidogo kwa umbo, lakini ndicho kizito, kizito kuliko nyota mara nyingi. Lile jitu ni kubwa kwa macho tu, limejaa hewa. Kwa kweli ni jepesi. Alimgeukia yaya na kumwambia hivyo, kwa upole, kama mtu anayerekebisha daftari: "Ile kubwa ni nyepesi."

Hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia dada yangu maneno kama hayo. Alikwenda ndani kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwangu mimi ndoa ilifungwa pale. Yaliyofuata yalikuwa makaratasi.

Nilimuuliza kama hicho kitu cheusi hakitaimeza nyota, maana redioni nilisikia kwamba vitu vile humeza kila kinachopita. Prof alikasirika kidogo, kama mtu ambaye ndugu yake amesingiziwa. Akasema kinameza kinachokisogelea mno, basi. Ukiwa mbali ya kutosha hakikuli. Kinakushika tu, kama kilivyokushika kilipokuwa kinang'aa. Nyota ile haiumwi wala haipungui. Inazunguka. Na kama leo kile cheusi kingeondoka, nyota isingepata uhuru wowote wa maana. Ingekwenda moja kwa moja gizani, bila kona, bila kurudi.

Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa nimenunua tiketi ya boti ya kwenda Isangi.

Mama alikuwa na swali moja. Kati ya zile mbili, ni ipi ilikuwa kubwa walipozaliwa? Prof akasema mara nyingi iliyokuwa kubwa ndiyo hufa kwanza, kwa sababu huunguza vyake haraka. Mama akapiga paja. "Ni ile ile! Ile ya kuni ndiyo ilikuwa munene. Huyu alikuwa kama kijiti." Akatutazama mmoja mmoja, ameshinda kesi ambayo hatukujua imefunguliwa. "Donc bazungu nao wanajua mapasa. Walikuwa wanaficha."

Tiketi niliiuza kwa hasara, nikabaki kusubiri harusi.

Kilichobaki kilikuwa pasta. Yaya anasali katika kanisa moja dogo la uamsho huko Mangobo, bati juu, mbao pembeni, na spika kubwa kuliko idadi ya waumini. Pasta wake, kijana mwenye koti la vifungo vya dhahabu, alisema hatabariki ndoa yenye kiti kitupu. Kiti kitupu, alisema, hakikai kitupu. Kuna kitu kitakuja kukaa, na kitu hicho ndicho kimekuwa kikimla dada yetu miaka yote. Nilitaka kumwambia kwamba aliyekuwa akila ni yaya, nina ushahidi, nilikuwepo na sahani yangu ya mchuzi. Nilinyamaza kwa ajili ya ndoa.

Prof akajitolea kwenda kuongea naye kwa njia ya sayansi. Alikwenda na simu, akaeleza nyota nene na mwenzake, jinsi mmoja anavyomshika mwingine bila kumla. Pasta alisikiliza vizuri sana. Aliutazama ule mchoro muda mrefu, akasema kweli hiyo ndiyo jehanamu, hakuwahi kuiona ikichorwa vizuri namna ile, akaomba atumiwe. Jumapili aliihubiri saa moja na nusu.

Aliyepata njia ni mama, ambaye kanisani huenda Noeli na Pasaka tu, lakini ana macho. Alikuwa ameona kwamba pale kwa pasta, watu wanaofika mapema huweka mkoba au kitenge kwenye kiti ili kumshikia mtu anayechelewa, na hakuna anayekemea. Basi, akasema, na sisi tutamshikia mtu kiti. Mstari wa mbele, upande wa familia. Nguo itakunjwa iwekwe pale. Pasta alifikiri, akaona kwamba akikataza hilo itabidi aanze na mkoba wa mke wake. Akakubali.

Yaya alikataa gauni jeupe, akisema atafanana na frigo. Mama alinunua liputa, kitenge cha wax, buluu yenye ndege wa manjano, vipande viwili vizima vya yadi sita, kila mmoja na chake. Vilikuwa vya mwisho kwa mwenye duka. Kazi ya kuvipeleka kwa fundi nilipewa mimi, kwa kuwa sina kazi, na hapo ndipo nilipoiharibu harusi ya dada yangu.

Fundi wetu wa zamani alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya macho. Nilikwenda kwa mwingine, mtu wa Maniema aliyehamia hapa mwaka uliotangulia, fundi mzuri, mwenye cherehani nyeusi inayong'aa na foleni ya wateja. Alimfahamu yaya kutoka sokoni. Alikwisha kumpima kwa gauni la kazi. Nilimpa vitambaa, nikamwambia nguo mbili, kipimo kimoja. Akauliza ya pili ni ya nani. Nikasema ya dada yangu. Akauliza, huyo huyo? Nikasema hapana, mwingine. Akasema basi aje apimwe. Nikasema hawezi kuja. Akauliza yuko wapi.

Mtu wa hapa angeelewa zamani. Mtu wa hapa angeona uso wangu, angejiandikia "mapasa" kichwani, angesonga mbele. Huyu alikuwa na kanda ya kupimia shingoni na alitaka jibu. Na mimi neno lile sijawahi kulisema maishani mwangu. Nimeishi migodini, nimetukana kwa lugha tano, lakini neno lile, kuhusu mtu yule, halijawahi kutoka. Nikasema, "Iko mbali. Lakini ukubwa ni uleule. Uleule kabisa." Nadhani nilitazama chini nikisema hivyo.

Fundi akanitazama kwa huruma kubwa, akasema nisiwe na wasiwasi, ameelewa. Nilimshukuru. Nilitoka pale nikiwaza jinsi watu wa Maniema walivyo waelewa.

Alichoelewa ni hiki: kwamba kuna ndugu mdogo anayeona aibu kusema kwamba mwili wa dada yake unahitaji vipande viwili. Kwamba huyo dada mwingine ni uongo wa adabu. Kwa hiyo, kwa heshima na upendo, alitengeneza gauni moja kutoka vitambaa viwili.

Nilikwenda kulichukua Ijumaa asubuhi, harusi ikiwa Jumamosi. Alilitundika mwenyewe mlangoni ili nilione kwenye mwanga. Sijaona kitu kama kile kabla wala baada. Mikono ilikuwa imevimba kama maboga. Kiunoni kulikuwa na marinda juu ya marinda. Nyuma kulikuwa na mkia ambao ungefagia kanisa zima na sehemu ya barabara. Ndege wa manjano walikuwa wengi kuliko walioko msituni. Fundi alisimama kando akingoja sifa, akaniambia kwa fahari kwamba ametumia chote, hakubakiza hata kipande cha kufutia mikono.

Nikamuuliza la pili liko wapi. Tulitazamana. Ilikuwa ni kama watu wawili wanaogundua kwamba wamepanda boti mbili tofauti.

Nilizunguka soko kuu, nikazunguka maduka yote ya barabara, na fundi mwenyewe alifunga mlango akazunguka na mimi, kwa toleka mbili. Buluu ilikuwepo, manjano ilikuwepo, ndege walikuwepo, lakini si hao. Saa nane mchana nilikata tamaa, nikamwomba aje nami nyumbani. Nilimwambia ni kwa ajili ya kueleza mambo ya ufundi. Ukweli ni kwamba nilitaka mama awe na mtu wa pili wa kumtazama.

Uani kulikuwa na masufuria matatu ya harusi, viti vya plastiki vya kukodi, na Prof, ambaye mila inamtaka asionekane siku hiyo, lakini alikuja kutengeneza waya wa taa. Mama alilipokea gauni. Alilinyanyua, akalipindua, akatia mkono ndani kutafuta jingine. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kisha fundi akaeleza vizuri, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama hakupiga kelele. Alilitandika gauni juu ya viti viwili, akajifuta mikono, akamwambia mwanamke aliyekuwa akimenya ndizi aache. Akasema harusi haipo. Mtoto wake hataolewa peke yake kama yatima wa mtu, mwenzake amekaa bila nguo. Watu waambiwe bibi harusi ni mgonjwa. Prof alisimama juu ya meza, waya mkononi. Alikuwa amesubiri miezi minane.

Yaya alitoka ndani, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Alilitazama gauni kwanza, na nitamheshimu daima kwa sababu aliligusa mkono mmoja wa boga na kumwambia fundi kwamba ni kazi safi. Kisha akamwendea mama, akakaa chini mbele yake, kwenye udongo, mtu mkubwa namna ile.

"Mama," akasema, "mwenzangu alikufa."

Mwanamke wa ndizi alidondosha kisu.

"Tulikuwa tunalala kwa mukeka moja. Mi ndiye nilikuwa wa kwanza kujua. Asubui nilimugusa, alikuwa baridi. Nikanyamaza juu mulikuwa bado mumelala. Alikufa, Mama. Niko na miaka makumi ine na sita, na nikikosa huyu Prof, sitapata mwingine."

Prof alishuka mezani, akakohoa. "Katika mfumo kama huu," alianza, "ile isiyoonekana…"

"Prof, nyamaza kwanza," yaya akasema bila kugeuka. Akanyamaza. Wamekaa vizuri mpaka leo, na nafikiri ni kwa sababu ya sentensi ile.

Nilingoja vilio, nilingoja laana. Badala yake mama alionekana kama mtu aliyetukanwa akili.

"Unafikiri mi sijue?" akasema. "Nani alimuosha? Ni mimi. Maji nilitia kwa basine ya kijani, ile ya nguo. Mi najua kufa kuliko ninyi wote hapa." Alivuta pumzi. "Noeli ya kwanza nikaenda soko. Nikasema bon, sasa ni moja. Nikashika nguo moja, nikatoka nayo, nikafika barabarani. Mukono ikakataa. Nikarudi, nikachukua ya pili. Ni ile tu. Haiko mambo ya pepo, haiko mambo ya pasta. Ni mukono."

Mimi niliyekuwa nimezunguka nusu ya nchi nikidhani kwamba mama anaamini habari ya kuni, niliona kwamba aliyeiamini ni mimi.

Harusi ilifungwa kesho yake, sitaki kuwaficha. Pasta alihubiri saa mbili, Prof alikosea mkono wa kuvalisha pete, na sauti ya spika iliwaamsha popo wa kwenye dari. Watu walikula, wakaimba, wakamsema vibaya mpishi. Lakini nikiwa mbali na nyumbani, kwenye boti au kwenye kitanda cha mtu, sikumbuki sana Jumamosi. Nakumbuka Ijumaa ile, jua bado kali, na fundi wa Maniema akijikohoza pale kando ya viti.

Alikuwa ameligeuza gauni ndani nje, akilisoma. Alisema mkia anaweza kuukata wote, na marinda, na kupunguza mikono iwe mikono ya binadamu. Gauni la bibi harusi litabaki zuri. Mabaki yatatoa la pili, kitambaa kile kile, ndege wale wale, na mpaka saa kumi na mbili litakuwa tayari. Lakini halitakuwa kubwa. Kipimo kile kile hakiwezekani. Litakuwa kitu kidogo. Kwa hiyo, akasema, akimtazama mama na si mimi, lazima aulize tena, wamsamehe: huyo mwingine ana ukubwa gani?

Yaya aliinamisha kichwa. Mama aliinuka. Alisimama akitazama mahali fulani karibu na goti lake, ambapo hapakuwa na kitu. Kisha akanyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, akauweka hewani pembeni ya nyonga yake. Akafikiri. Akaushusha kidogo, vidole viwili hivi.

"Alinifika hapa," akasema.

Fundi alivua kanda shingoni, akapiga magoti kwenye udongo. Alishika ncha moja chini ya kiganja cha mama, akaivuta nyingine mpaka chini, akanyoosha, akasoma, hakuridhika, akaanza upya.

"Usitikise mukono, Mama," akamwambia. "Niko napima."